Nyuzi Tisa za Mume wa Fundi

Fundi cherehani aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa anamweleza jirani yake, muuguzi mwenye sare, kwamba nyuzi tisa za kidonda cha mumewe amezitoa mwenyewe nyumbani.

"Hospitali umelipa kushonwa, halafu ulipe tena kufumuliwa! Mimi mteja simfanyii hivyo."

"Dada, utamuua mumeo!" muuguzi aling'aka.

"Mkasi niliuchemsha. Alipiga kelele kuliko siku aliyoumia, lakini amepona."

Nikajikuta nimeshika tumbo langu, ambalo halina hata kovu.

Basi likasimama kwenye geti la hospitali. Muuguzi akainuka, akanyoosha sare, kisha akamwinamia fundi.

"Kesho utakuwepo dukani? Mama yangu ana nyuzi nane."