Mama Dafroza Nyamburi, Mlezi wa Kanisa la Mbao la Bukima

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi uliotukuka, Mama Dafroza Nyamburi, mtunza kanisa wa kigango chetu cha Bukima, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1995.

Alipoajiriwa mwaka 1974, kanisa letu la mbao lilikuwa tayari limezeeka, lakini halikujua kupumzika. Jumapili lilikuwa la ibada, katikati ya juma la chekechea, na siku ya kliniki watoto walipimwa uzito kwa mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti. Katika miaka ile ya uhaba, hata sukari ya kaya iligawiwa mlangoni pake.

Adui mkuu alikuwa mchwa. Oili chafu ya kupaka nguzo ilipoadimika, kama kila kitu kilivyoadimika, Mama Dafroza aliwageukia wavuvi, akayeyusha mafuta ya sangara na kuzipaka nguzo zote. Mchwa walirudi nyuma. Paka wakasonga mbele. Hakuna kigango kilichotushinda kwa paka wanaohudhuria misa, na Katekista Rafaeli alilazimika kufundisha huku akiwasukuma kwa mguu.

Mtihani halisi ulikuja mwaka 1992. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, saruji na mabati vimejaa madukani Bunda, na mwenyekiti wetu, Mzee Kasmiri Machage, alipendekeza kanisa libomolewe, la matofali lijengwe papo hapo. Akatania mkutanoni: "Tutasali ndani ya kikaango cha samaki mpaka lini?"

Mama Dafroza akasimama. "Wewe Mzee Kasmiri, ndoa yako si ulifungiaga humuhumu kwenye kikaango?"

Kicheko kilipotulia, aliuliza watoto wangesomea na kupimiwa wapi wakati wa ujenzi. Ikaafikiwa kwamba jipya lijengwe pembeni, na la zamani libomolewe siku jipya litakapoezekwa.

Leo kuta za jipya zimefikia linta, na mbuzi wanafaidi kivuli chake. Hata hivyo, Mama Dafroza hakuacha kuihofia siku hiyo ya kuezeka. Tunayo heshima ya kumtangazia kwamba kikao cha mwezi huu, kwa hoja ya Mzee Kasmiri mwenyewe, kimeamua kanisa la mbao lisibomolewe kamwe. Litabaki kuwa nyumba ya chekechea na kliniki.

Mama, tunakushukuru kwa moyo wote, nasi tunakuombea pumziko lenye afya na furaha huko Bweri kwa binti yako Selestina. Ukija kututembelea, keti benchi la mbele. Ufagio tumeuficha.