Papa Mirindi Cikuru, Aliyekagua Nyumba za Watu Kabla ya Kupata Yake

Papa Mirindi Cikuru alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Walungu, Kivu ya Kusini. Alimaliza shule ya msingi, kisha akajifunza uashi kwa mjomba wake Bukavu. Vita vilimfikisha kambi ya Nakivale, Uganda, na huko, tarehe 8 Septemba 2001, alimwoa Mama Faida. Waliingia Sydney mwaka 2009.

Alibeba mizigo katika ghala moja la Auburn miaka saba. Baadaye akaingia kazi ya nyumba chakavu: kumtafuta mwenye haraka ya kuuza, kukisia gharama ya matengenezo, kupatana bei, halafu kumpitishia mkataba mwenye mtaji na kubaki na kamisheni. Kazi hiyo ilimchosha. Mwaka 2018, huko Lidcombe, alikagua paa na kuta lakini hakuingia chini ya sakafu. Nguzo fupi zinazoibeba zilikuwa zimeoza. Mnunuzi akajitoa, jasho lote likaenda bure. Tangu hapo hakuiamini nyumba yoyote. Hata kwenye maombi ya majumbani aligonga kuta za wenyeji, mpaka mmoja wao, Mama Lydie, akamwambia, "Papa Mirindi, kaa ukule. Leo hatuuzishi!"

Mama Faida hakucheka sana. Alitaka nyumba yao wenyewe wakiwa bado hai wote wawili. Kila Jumamosi walikwenda kuangalia, na kila Jumamosi mzee alitoka akitikisa kichwa.

"Papa Clarisse," Mama alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "kwako kila nyumba iko mgonjwa. Sisi tutazeekea kwa watu?"

Mwaka 2024 moyo wa mzee ulidhoofika. Hata ngazi zilimshinda. Novemba waliona nyumba ndogo Blacktown. Kwa kuwa hakuweza kutambaa chini yake, Mama Faida alijifunga kitenge, akachukua tochi, akaingia mwenyewe. Mzee aliketi mlangoni akimuuliza kwa sauti, nguzo baada ya nguzo. Mama alitoka na utando wa buibui kichwani.

"Tatu zimeoza."

Mzee akamtoa utando ule kichwani.

"Tutazibadilisha," mzee akasema. "Nimechoka kukutembeza."

Benki ilikubali kuwakopesha kwa mishahara ya watoto, wakahamia Februari. Nguzo moja tu ndiyo aliyowahi mzee kuona ikibadilishwa. Alifariki humo, kitandani kwake, mchana wa tarehe 2 Juni 2025, Mama Faida akimshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Faida, na watoto wawili, Clarisse na Patrick. Matanga yako nyumbani kwake.

Mungu ampumzishe Papa. Alikuwa amechoka kweli.