Fatiha ya Uwanja

Tangu lango la uwanja litiwe kufuli, Agosti hii ya 1994, kahawa ya kijiwe chetu cha Kuze imekuwa chungu hata ukiinywa na kashata. Timu yetu, Nyota ya Kuze, inacheza pale tangu sitini na mbili. Sasa bodi ya uwanja inataka kuona mkataba wa kukodi, na sisi hatuna hata karatasi moja. Tusipouleta Jumatatu, uwanja watapewa wengine, na timu isiyo na uwanja hufutwa kwenye ligi. Jana baada ya alasiri Chonga, mchoraji wa mistari ya uwanja kwa miaka thelathini, alikuja na gunia lake la chokaa akaliweka baina ya miguu. Nilishindwa kumtazama.

Hussam, tumwitaye Redio, alianza kabla hata Dzoro, muuza kahawa wetu, hajamimina.

— Mkataba uko London. Mwingereza aliondoka nao.

— Mwingereza ataka nini na Nyota ya Kuze? akauliza Chonga.

— Si timu. Chini ya goli la kusini mna mafuta. Zile meli Kilindini mwadhani zaja kwa chai?

— Mimi ndiye nichimbaye kutia miti ya goli. Sijaona hata maji.

— Wachimba futi mbili, wewe.

Mzee Jamaldin akaweka kikombe chini. Ndiye pekee aliye hai kati ya waliofanya mapatano ya uwanja mwaka ule wa sitini na mbili.

— Karatasi ya nini? Uwanja twaliusomea Fatiha. Enzi zetu jambo likisomewa Fatiha limekwisha.

Hapo akatokea kijana mwenye faili kwapani.

— Shikamoo wazee. Naitwa Ngowa, karani wa wakili wenu.

— Marahaba mwanangu, akaitika Mzee Jamaldin. Keti. Dzoro, mpe kahawa.

— Wakili asema hata mapatano ya mdomo yaweza kusikilizwa, bora pawe na shahidi.

Chonga akalishika gunia lake kwa mikono miwili. Hata mimi nilipata tumaini, sitaficha.

— Shahidi ni mimi, akasema Mzee Jamaldin. Andika. Ilikuwa Ijumaa, pale pale katikati ya uwanja, juu ya mkeka. Kapteni alikuwapo, na katibu, na maalim aliyesoma. Halwa sinia zima.

Ngowa akaandika yote.

— Na upande wa wenye uwanja, alikuja nani?

Mzee akamtazama Redio. Redio, mwenye habari za London, akatazama kikombe chake.

— Walialikwa, akasema mzee.

— Wakaja?

— Twaliwawekea halwa yao.

— Mzee wangu, wakaja?

Miaka thelathini na miwili tumejisifia mapatano tuliyoyafanya sisi kwa sisi, tukaitikia amin wenyewe. Niliona aibu, na aibu haikunizuia kuona uchungu. Ngowa akafunga kalamu yake polepole, akanywa kahawa kwa adabu, akaaga.

Dzoro akainamisha dele la kahawa. Halikutoa kitu.

— Dzoro, akasema Chonga, ule ukuta wako wa uani ushaupaka chokaa?

— Bado.

Chonga akamsogezea gunia kwa mguu.

— Chukua.