Mwalimu Elisaria Mmari, Aliyezitafutia Nyumba Bendera za Skauti

Marehemu Mwalimu Elisaria Ndekirwa Mmari alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 huko Machame, mtoto wa tatu wa Mzee Ndekirwa na Mama Anansia.

Alisoma shule ya msingi hukohuko nyumbani, na ndipo alipovaa skafu ya skauti kwa mara ya kwanza. Mama yake alisimulia kwamba alilala nayo shingoni, ikabidi avuliwe usingizini ili ifuliwe. Mwaka 1977 alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, somo lake likiwa historia.

Alifundisha katika chuo cha ualimu jijini hadi alipostaafu mwaka 2012. Wanafunzi aliwatuma kwa wazee: "Nendeni mkawaulize kabla hatujawazika." Naye alifanya hivyohivyo. Kule soko la Mchikichini shati la skauti likitokea kwenye mitumba, muuzaji mmoja, Mudi, alimwekea. Alikusanya bendera, tarumbeta, picha, na kanda za sauti za maskauti wa zamani, ambao wengi wametangulia. Mwaka 2015 viongozi wa skauti walimvisha nishani kwa kuuhifadhi urithi huo.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Severa, muuza vitenge wa Kariakoo. Walipanga Mtaa wa Narung'ombe, wakajaliwa Benedict na Rachel. Watoto walipoondoka, chumba chao kikawa cha skauti.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Kisha nyumba ikauzwa ili ibomolewe, lijengwe ghorofa. Mwalimu alitoka kusafishwa damu akaenda kuzunguka maofisini, nishani kifuani, akiomba chumba kimoja tu cha kuweka vitu vile. Kote alisifiwa, akaletewa soda. "Tuachie namba, mzee, tutakupigia." Akawa haiachi simu hata akienda kuoga. Hakupigiwa.

Siku ya kuhama, Aprili 2024, mvua ilikuta vitu viko nje, vimefunikwa turubai. Vyumba walivyopata Buguruni havikuwa na nafasi ya vitu hivyo.

"Baba Benedict, panda gari, utazidiwa," Mama Severa alimsihi.

"Mimi nina pa kulala. Hivi je?"

Akabaki kwenye mvua, ameshikilia pembe ya turubai. Bwana Jitendra, mwenye duka la vitambaa mkabala, alipomwona akaamuru majora yasogezwe. "Mwalimu, ingiza vyako. Kaa navyo mpaka mzigo wangu ufike."

Bendera zilipona. Kanda zilikuwa zimeshaloa. Alizijaribu zote, zikatoa mvumo tu. Rachel alimkuta ameegemeza sikio kwenye redio, akilitaja jina la mzee wa kila kanda kama anayemwita.

Hakupata nguvu tena. Hospitalini alimuuliza Rachel, "Mmepata chumba?"

"Bado, baba."

"Msichoke, mwanangu."

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Novemba 2024. Kesho anasafirishwa kwenda Machame, kuzikwa katika kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake. Mzigo wa Bwana Jitendra umeshafika bandarini. Familia imegonga kila mlango inaoujua. Mwenye chumba kikavu, tafadhali amwone Rachel kabla hatujatawanyika.

Mwalimu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, na wanafunzi wengi waliomo humu wakilia.

Mungu amlaze pema na kumpa amani aliyoikosa mwishoni. Amina.