Zamu ya Mukhwana

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, maana sauti hii mnayoisikia ilikuwa imezimika kabisa.

Ndugu zangu, jina langu ni Mulongo. Mliotoka kwetu Magharibi ya nchi mmeshaelewa. Kwetu pacha wa kwanza ni Mukhwana, wa pili ni Mulongo, kwa hivyo kila anayesikia jina langu huuliza papo hapo, "Na Mukhwana yuko wapi?"

Mukhwana aliungua. Tulikuwa tukikaa Soweto West, Kibera, na nyanya yetu, Kukhu, aliyeuza mboga za sukuma kule sokoni Silanga. Mchana mmoja nilitumwa chumvi. Niliporudi, moto ulikuwa umeshika nyumba zote za ploti yetu, na Mukhwana, dada yangu, yuko ndani. Watu walichota maji ya mtaro. Maji ya mtaro, ndugu zangu! Nilimwita mpaka paa likaanguka. Baada ya hapo sikumwita tena, wala sikumwita mtu mwingine yeyote.

Kukhu akanihamishia huku Kawangware. Sikusema. Sikulala. Chakula kilinikwama, magoti yakakakamaa kama ya mzee. Mwalimu akifundisha, mimi nasikia mabati yakilia tu. Mkaniombea hapa hapa mbele. Mlisema ni pepo bubu, mkanipaka mafuta, mwingine akanisukuma kichwa nianguke. Sikuanguka! Nadhani aliona aibu.

Kisha kijana mmoja anaitwa Brayo akaja shuleni kufundisha densi za mtaani baada ya masomo, kwenye vumbi, na spika moja. Wazazi wengi walisema ni mambo ya shetani. Kukhu akasema, "Wacha aende. Akikaa hapa kwa nyumba atafanya nini?"

Sheria ya Brayo ilikuwa moja: anayeingia katikati ya duara hatoki mpaka aite jina la anayemfuata. Mimi nilipiga makofi tu pembeni, na hakuna aliyeniita. Lakini mguu ukaanza kugonga chini wenyewe. Nikawa narudi nyumbani na jasho, nakula ugali namaliza, nalala. Darasani nikaanza kusikia hesabu. Mwili ulifunguka kabla ya mdomo, ndugu zangu.

Siku moja msichana anaitwa Akinyi akaniita. Nikaingia, nikacheza, wimbo ukaisha. Sikuweza kuita. Brayo akaurudisha wimbo. Ukaisha tena. Hakuna aliyecheka. Kikanitoka kilio: "Mukhwana!"

Nikatoka katikati. Hakuna aliyeingia. Watoto wakatazamana. Brayo akasema, "Ni zamu yake. Pigeni makofi."

Wakapiga, katikati hakuna mtu. Na sheria ni sheria: Mukhwana asipomwita anayemfuata, duara halisongi. Basi nikarudi ndani mimi. Nikacheza zamu ya dada yangu, na yale mabega yake, vile alivyokuwa akiyatikisa, nikilia mbele ya shule nzima. Nilipomaliza nikaita, "Akinyi!"

Sitawadanganya. Mungu hakunirudishia dada yangu. Nina uchungu na hilo hadi leo, na yeye anajua. Lakini namshukuru kwa mdomo huu, na kwa Kukhu, na kwa lile vumbi.

Mzazi mwenye mtoto aliyenyamaza, mwombee, ndiyo. Halafu mlete pale uwanja wa shule, siku hizi densi nafundisha mimi. Mtegemee Bwana, hata akija na spika.

Na mkinipata pale mlangoni mkitaka kuuliza Mukhwana yuko wapi, msiogope. Ulizeni. Nitawajibu.