Rimma Afanasyevna, Aliyesema Siku Hiyohiyo

Tunayemsindikiza leo ni mama yetu, Rimma Afanasyevna Sukhorukova. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika kijiji cha Gorbovo, mkoa wa Vologda, mtoto wa kwanza wa seremala Afanasi Kuklin na mkewe Agripina. Alitembea kilomita saba kwenda shule, theluji ianguke isianguke, na mwaka 1965 alihitimu stashahada ya mawasiliano ya redio mjini Leningrad.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kituo cha kuongoza safari za angani, karibu na Moscow. Tarehe 6 Septemba mwaka uliofuata aliolewa na baba yetu Gleb, fundi mitambo, mtu mpole aliyemtangulia mwaka 2009. Walijaliwa watoto wawili: Taisia, na mimi Fyodor, ambaye Mama aliniita Fedya.

Kazi ya Mama ilikuwa kuzungumza kwa redio na wanaanga waliokaa miezi mingi katika kituo kinachozunguka dunia. Kila kilipopita juu yetu alipata dakika tisa au kumi, basi. Walimwita Shangazi. Walipolalamika kwamba huko hakuna sauti ila ya mashine, alirekodi mvua ikipiga bati la nyumba yetu ya shamba, na vitunguu vikikaangwa, akawasikilizisha Jumapili.

"Shangazi, vitunguu vinaungua hivyo!"

"Shuka basi uje ugeuze mwenyewe!"

Kabla ya safari ndefu kila mwanaanga aliandika kwenye karatasi: msiba ukitokea nyumbani, aambiwe, au asubiri hadi arudi? Mwaka 1984 mhandisi Arkadi Lvovich Zhernov, ambaye yuko nasi hapa, aliandika: "Niambieni. Siku hiyohiyo." Siku ya sabini na moja ya safari yake ya siku 184, baba yake alifariki. Mkuu wa zamu akaagiza habari ifichwe hadi Arkadi amalize kazi ya kutoka nje ya kituo, wiki mbili mbele.

"Na karatasi yake je, tufungie samaki?" Mama akauliza. Kisha akafungua kipaza sauti, akamwita Arkadi kwa jina la nyumbani.

"Arkasha, shika mahali, usielee."

"Nimeshika, Shangazi."

"Baba yako amefariki leo alfajiri. Dada yako alikuwa amemshika mkono."

Dakika sita zilizobaki hakuna aliyesema neno, wala Mama hakuondoka. Mwishoni Arkadi alisema, "Asante. Mzikeni na kofia yake ya kuvulia samaki." Akazikwa nayo. Arkadi alitoka nje siku ilipofika, akafanya kazi yake bila kosa. Mama aliondolewa kwenye kipaza sauti, akapelekwa stoo kufungasha mizigo ya kwenda juu, miaka kumi na mitano, hadi alipostaafu mwaka 1999. Hakulalamika. Ila hakuna mzigo ulioondoka bila kitunguu saumu alichokichagua mwenyewe.

Tarehe 8 Februari mwaka huu daktari aliniita kando na, kama ilivyo desturi yetu, akaniambia mimi badala ya mgonjwa: saratani ya ini. Mimi, ninayewafundisha watoto kwamba uongo ni wizi, nilimwambia mama yangu ni vidonda vya tumbo. Nilimdanganya wiki tano.

Tarehe 17 Machi Arkadi Lvovich, ambaye nilikuwa nimemwambia ukweli, alikuja na matofaa. Mama akachukua cheti cha dawa, akaandika nyuma yake, akampa: "Niambieni. Siku hiyohiyo."

"Huyu mwanangu keshachelewa," akasema.

Arkadi akanitazama. Nikatazama sakafu. Akaketi kitandani.

"Shangazi, shika mahali."

"Nimelala, mjinga wewe, nishike wapi tena?"

Akamwambia. Wala Arkadi hakuondoka. Kisha Mama akasema, "Asante. Fedya, ondoa huo uji wa wagonjwa, niletee kabichi ya chumvi."

Siku sitini na saba zilizobaki alizitumia vizuri. Alimfundisha Taisia kuoka mkate wake wa kabichi, akapatana na jirani waliyenuniana naye tangu 2003, akachagua nguo aliyovaa leo. Alifariki nyumbani tarehe 23 Mei 2019, saa moja asubuhi, tukiwa tumemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, Yegor, Varvara na Lukeria, mdogo wake Valerian, na Arkadi Lvovich, aliyemwita Shangazi hadi mwisho.

Kabla hatujambeba, tuketi kidogo kimya, kama tunavyoketi kabla ya safari yoyote. Nami niseme mbele yenu, kabla udongo haujamfunika: Mama, nilikudanganya. Nisamehe. Pumzika kwa amani. Sisi tuliobaki tutaambiana, siku hiyohiyo.