Mgeni wa Chumba Namba Nne

Jumanne tarehe 30 Juni 2026, Bi Odeta Mihayo, ambaye sote hapa Hoteli ya Haslow tunamwita Mama Kija, anastaafu baada ya kutumikia kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Alikuja akiwa dobi na anaondoka akiwa Msimamizi Mkuu wa Vyumba. Katika muda huo hoteli imebadilisha mameneja saba na mashine nne za kufulia. Mama Kija mwenyewe hakubadilika, na naandika hivyo nikijua kwamba karatasi hii ataikagua kabla ya kuisoma.

Kwa ndugu na majirani mliokuja kumuaga na hamjawahi kupita getini kwetu, nyumba hii ilijengwa mwaka 1931 na Mwingereza mfanyabiashara wa pamba aliyetaka kuishi kando ya Ziwa Victoria kama alivyoishi kwao. Akajijengea kila kitu cha kwao: ngazi ya mbao nyeusi, madirisha ya vioo vidogo vidogo, bustani ya waridi, na meko ya ukutani katika kila chumba, ingawa sijasikia mtu aliyewahi kutetemeka kwa baridi hapa Luchelele. Leo watu wanasafiri kutoka mbali waje wanywe chai ya saa kumi kwenye nyasi, wale skonzi, na waoge katika hodhi la shaba la Chumba Namba Nne, kilichokuwa chumba cha Mwingereza mwenyewe. Wakiondoka wanaisifu nyumba. Sisi tulio humu tunajua kwamba wanachosifu, kwa sehemu kubwa, ni mikono ya Mama Kija.

Alianza kazi Februari 1992, nyumba ilipokuwa ndiyo kwanza imegeuzwa hoteli. Wiki ya kwanza aliunguza shuka jipya kwa pasi ya mkaa, likabaki na alama ya pasi katikati kama muhuri. Mwingine angelificha chini ya rundo. Yeye alilibeba mikononi hadi kwa meneja, akalitandaza mezani, kisha akaomba mkasi. Kutoka katika shuka lile alikata vitambaa kumi na sita vya mezani, akavipindia kwa mkono, na kimoja tunacho mpaka leo kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Wageni hudhani ni cha Mwingereza.

Mwaka 2009 tulikuwa na sherehe ya harusi bustanini, wageni mia moja na ishirini, na mara tu jua lilipozama wale wadudu wadogo wa ziwani wakainuka kama moshi na kuja moja kwa moja kwenye taa zetu. Wenyeji wa huku mnajua maana yake kwenye supu. Mama Kija hakusubiri kikao. Alizima taa zote za nyumba na bustani, akatuma watu wawashe karabai sita mwisho wa gati, wadudu wakafuata mwanga majini, na huku juu akaweka mishumaa miwili kila meza, mifupi, ndani ya glasi. Bibi harusi alilia kwa furaha akisema hajawahi kuona kitu kizuri namna ile. Tangu hapo chakula cha mishumaa kimo kwenye vipeperushi vyetu, na hakuna kipeperushi kinachotaja wadudu.

Lakini kazi yake kubwa ni watu. Amefundisha wahudumu wa vyumba sitini na mmoja, na leo wako kwenye hoteli za Serengeti, Bukoba, Dar es Salaam na kwingineko. Wote wamepitia jambo moja ambalo sijalisikia katika hoteli nyingine yoyote. Mhudumu akimaliza kuandaa chumba cha majaribio, Mama Kija huingia, huvua viatu, na hulala kitandani chali, mikono tumboni, kwa dakika nne hivi. Sisi tunaita kulaliwa chumba. Sababu yake aliieleza siku moja tu, kwa maneno machache: "Ninyi chumba mnakiona mmesimama. Mgeni anakiona amelala."

Akiwa pale chini huona vyote. Uzi wa buibui kwenye boriti. Balbu iliyokaa upande. Kisha huamka, hutaja kosa, na hukitandika kitanda upya kwa mikono yake, hata kama mhudumu amefaulu. Wengine walifikiri ni adhabu. Ukweli ni kwamba Mama Kija hawezi kuacha nyuma yake kitanda kilichovurugika. Mwaka 2014 alipolazwa kwa upasuaji, asubuhi ya tatu muuguzi alikuta vitanda sita vya wodi vimetandikwa, kimoja kikiwa na mgonjwa wake ndani. Mumewe, Mwalimu Mihayo, anasema nyumbani kwao karibu na Kamanga, ng'ambo ya ziwa, yeye hujihimu kuamka mapema, si kwa sababu ya uchapakazi, bali kwa kuogopa kukunjwa pamoja na blanketi.

Hapo ndipo ninapofika kwa Queen Ngosha.

Queen ana miaka ishirini na tisa, ametoka Nyakato, na kwa miaka sita amekuwa mkono wa kulia wa Mama Kija. Mwezi Aprili, Mkurugenzi wetu Bwana Alexander Maige alitangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba nafasi ya Msimamizi Mkuu itakwenda kwa mtu wa ndani iwapo Mama Kija atamkubali kabla hajaondoka. Asipomkubali mtu, ataletwa msimamizi kutoka Arusha ambaye vyeti vyake tayari viko mezani. Ilieleweka kwamba mtu wa ndani ni Queen. Ilieleweka pia kwamba mtihani wa usimamizi ni Chumba Namba Nne, na Queen alikuwa amelaliwa chumba hicho mara mbili akashindwa. Mara ya kwanza pazia liliacha ufa wa jua usoni. Mara ya pili mto ulinuka pasi.

Tulimsihi Mama Kija. Mimi binafsi nilimwambia asubuhi moja, nikimpelekea orodha ya wageni, kwamba msichana anajua kazi na mto ni mto tu. Alinitazama kwa upole ule unaomfanya mtu aanze kukagua vifungo vya shati lake, akanijibu: "Pius, nikimpa kwa huruma, watamchukua kwa huruma." Sikurudia tena.

Basi Mkurugenzi akabuni zawadi ya kustaafu: siku tatu, Ijumaa tarehe 19 hadi Jumapili tarehe 21 Juni, Mama Kija na Mwalimu wakae Chumba Namba Nne kama wageni wetu, na Queen ndiye aandae chumba. Mtihani wa mwisho ungekuwa ndani ya zawadi. Mama Kija alikataa mara mbili. Miaka yote hiyo hakuwahi kulala humo zaidi ya dakika nne, na hakuona kwa nini aanze uzeeni. Mwalimu ndiye aliyekubali kwa niaba ya familia, kwa ajili ya lile hodhi la shaba ambalo amelisikia tangu mtoto wao wa kwanza hajazaliwa.

Walivuka kwa kivuko cha Kamanga, ingawa daraja la Busisi lipo, kwa kuwa Mwalimu anapenda kusimama mbele na kutazama maji. Gari letu liliwapokea mjini. Nilikuwa mlangoni na glasi mbili za juisi ya pasheni, nikakuta mgeni wa kike hayupo. Alikuwa amezunguka nyuma na kuingilia jikoni, kama kila siku. Ilibidi nimfuate, nimwamkie shikamoo, nimrudishe hadi mlango wa mbele, nimwandikishe kitabuni. Alipopanda ile ngazi ya mbao alikuwa akifuta mkono wa ngazi kwa pindo la kitenge chake, hatua kwa hatua, bila kujijua. Na mkoba wake, niliobeba mimi, ulikuwa na mashuka mawili ya nyumbani. Alisema ni ya tahadhari.

Ijumaa ilipita vizuri. Mwalimu aliogea katika hodhi hadi chai ya saa kumi ikampita, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyofika mapokezi. Mama Kija alikula sato, akamshukuru mpishi, akapanda juu. Jumamosi asubuhi, wakiwa kwenye kifungua kinywa, Queen aliliacha toroli lake la mashuka nje ya mlango, akaingia chumbani. Akakuta kitanda kimeshatandikwa. Pembe zote nne zimekunjwa kwa ule mkunjo ambao mtu mmoja tu katika nyumba hii anauweza. Mama Kija alikuwa amelala humo kama mkaguzi, si kama mgeni.

Nilimkuta stoo ya mashuka, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia bila sauti. Nilikaa naye. Sina aibu kusema kwamba na mimi moyo uliniuma, maana siku hiyo tulimwona yule wa kutoka Arusha kama ameshafika getini. Queen alijifuta uso, akasema kwamba alikagua boriti, pazia, mito, balbu, hata nyuma ya saa, na hajui kimebaki nini. Kisha akainuka, akarudi juu. Nikamfuata.

Alifanya jambo ambalo hakuna mhudumu aliyewahi kuthubutu. Alivua viatu akalala mwenyewe. Hakulala katikati kama Mama Kija anavyofanya wakati wa ukaguzi. Alitafuta upande uliobonyea, na ulikuwa upande wa mlangoni, upande wa mtu aliyezoea kuitwa. Akalala pale, akatazama. Baada ya muda akaniambia: "Kaka Pius, kutoka hapa anaona mlango. Anaona mlango na kivuli cha toroli langu chini yake."

Kitanda cha Namba Nne, kwa taarifa yenu, hakijawahi kusogezwa. Mwingereza alikiweka mchago, yaani upande wa kichwa, ukiwa dirishani, mgongo kwa ziwa, na kila mgeni huambiwa kwamba kimesimama hapo tangu 1931. Ni kitanda cha mninga na uzito wake ni wa ng'ombe aliyekataa kuondoka. Mama Kija na Mwalimu walikuwa wametoka kutembea ufukweni na chakula cha mchana walikula huko huko, kwa hiyo muda ulikuwepo. Queen hakuomba ruhusa kwa mtu. Alitafuta vijana wawili wa bustani. Mguu wa nne niliushika mimi, na jambo hilo Mkurugenzi analisoma hapa kwa mara ya kwanza. Tulikigeuza, mchago ukaenda ukuta wa ndani, miguu ikaelekea dirishani. Alama nne zilizobaki sakafuni Queen alizisugua na kuzipiga nta akiwa amepiga magoti. Akatandika upya. Kabla ya kufunga mlango alilala tena upande ule ule. Mbele yake sasa kulikuwa na dirisha lote, maji, na ng'ambo ya maji vilima vya Sengerema, nyumbani kwao Mama Kija.

Toroli lake aliliacha chini, na Jumapili asubuhi hakulipandisha.

Jumamosi hiyo waliporudi saa kumi jioni hatukusikia neno. Mama Kija alishuka kwa chakula, akala, akapanda. Queen hakula. Jumapili saa nne asubuhi nilimpa Mama Kija kitabu cha wageni asaini. Alisaini, akanirudishia ufunguo, akasema tu kwamba amelala mpaka jua likafika ukutani, jambo ambalo hakumbuki kulifanya tangu ubatizo wa mjukuu wake. Mkoba wake ulikuwa na mashuka yale yale mawili, yamekunjwa kama yalivyokuja. Gari likaondoka.

Queen alipanda mbele, Mkurugenzi akafuata, nami nyuma yao. Alishika kitasa kwa muda kabla ya kufungua. Ndani, kitanda kilikuwa hakijatandikwa. Shuka la juu limesukumwa miguuni, blanketi limeangukia upande mmoja, mto mmoja uko sakafuni na mwingine una shimo la kichwa. Chini hapakuokotwa kitu. Kilikuwa kitanda cha mgeni aliyelala vizuri, akaamka, akajiendea zake akijua kwamba kuna mtu wa kukishughulikia.

 Mkurugenzi aliona kitanda kimegeuka, akaona na hali yake, akashuka ofisini. Barua ya Queen Ngosha ya kuwa Msimamizi Mkuu wa Vyumba ilisainiwa kabla ya saa sita mchana, na namna ya Queen ya kukiweka kitanda cha Namba Nne ndiyo itakayobaki.

Mama Kija, uongozi na wafanyakazi wote wa Haslow tunakushukuru kwa kila shuka, kila mshumaa, na kila kosa ulilotuonyesha ukiwa umelala chali. Ulitufanya tuwe bora kuliko tulivyotaka kuwa. Tunakuombea afya, mvua za wakati shambani kwako, na Mwalimu mwenye raha. Hodhi atalikuta lina maji ya moto kila mtakapokuja, na mtakapokuja mtaingilia mlango wa mbele. Chumba chenu mtakikuta tayari.

Na Jumatano asubuhi, utakapoamka kwako na hakuna kazi inayokungoja, kiache kitanda kama kilivyo, utoke nje ukaote jua.

Pius Ojuok,
Mapokezi